Lenzi ya projekta katika taa za ukungu: maana yake na kazi yake

Taa ya ukungu yenye lenzi ya projekta ni taa inayofungwa chini kwenye bampa la mbele la gari, ambayo mwanga wake hupitia lenzi ili utue barabarani kwa mpangilio maalumu. Wengi wanaoiulizia katika maduka ya spea ya Kirinyaga Road, Nairobi, hutafuta mwanga mkali zaidi. Hata hivyo, lenzi haizalishi mwanga. Kazi yake kubwa ni kuupanga na kuukata.

Ndani ya projekta, balbu hukaa mbele ya bakuli la kuakisi lenye umbo la duaradufu, ambalo hukusanya miale karibu mahali pamoja kabla haijaifikia lenzi. Mahali hapo huwekwa kibati chembamba kinachoziba sehemu ya chini ya miale, na kwa kuwa lenzi hupindua taswira juu chini, kilichozibwa chini ndicho kinachokuwa giza juu. Matokeo yake ni mstari ulionyooka: chini yake mwanga mpana, juu yake karibu giza tupu. Kubandika lenzi tupu mbele ya bakuli la zamani, kama wafanyavyo baadhi ya watu, si kuweka projekta, kwa sababu kibati na umbo la bakuli havipo.

Umuhimu wa mstari huo huonekana alfajiri ukipanda kuelekea Limuru, ambako ukiwasha taa kubwa matone ya ukungu hukurudishia mwanga machoni na mbele pakawa peupe kama shuka. Taa iliyo chini, isiyotupa mwanga juu, hupita chini ya upeo wa macho ya dereva na kuangaza kingo za barabara na mistari iliyochorwa. Rangi ya manjano inayosifiwa sana haipenyi ukungu kuliko nyeupe, maana matone hayo ni makubwa kiasi kwamba hutawanya rangi zote karibu sawasawa. Huenda ikapendeza macho, basi.

Anayefanya kazi hii nyumbani hutenganisha kwanza waya hasi wa betri, kisha huhakikisha kwamba projekta inalingana na tundu la bampa na soketi ya balbu. Balbu ya halojeni aina ya H11 ni ya wati 55, nayo kwenye umeme wa volti 12 huvuta takriban ampea 4.6, kwa hiyo haifai kuweka fyuzi ya ampea nyingi zaidi ili kubeba balbu kubwa zaidi, kwani waya ndio utakaochomeka. Kuweka balbu ya LED katika projekta iliyoundwa kwa halojeni nako huweza kuuvuruga mstari, ikiwa chembe zinazowaka hazikai pale ulipokuwa uzi wa balbu ya awali.

Jambo linalopuuzwa zaidi ni kulenga. Gari husimamishwa mahali tambarare, matairi yakiwa na upepo wa kutosha, mita 10 kutoka ukutani, kisha huwekwa alama ukutani kwenye kimo cha katikati ya taa. Mstari wa mwanga unapaswa kuangukia sentimita 20 hivi chini ya alama hiyo, ukiwa umelala sawa. Ukiinama upande mmoja, projekta imezunguka katika kishikio chake na skrubu hulegezwa upya ili inyooshwe.