Kumridhisha mchokozi: siasa iliyofungulia mlango Vita Kuu ya Pili ya Dunia

Kumridhisha mchokozi ni siasa ya kumpa mtawala anayetishia vita sehemu ya anachokidai, kwa matumaini kwamba akishapata atatulia. Ndivyo Uingereza na Ufaransa zilivyoishi na Italia ya Mussolini na Ujerumani ya Hitler kuanzia 1935 hadi 1938. Vita waliyotaka kuikwepa ilianza Septemba 1939 na kuua watu zaidi ya milioni 50.

Wengi huieleza siasa hii kuwa woga wa mzee mmoja, Waziri Mkuu wa Uingereza Neville Chamberlain. Maelezo hayo hayatoshi. Ulaya ilikuwa imezika vijana kwa mamilioni katika vita ya 1914 hadi 1918, na wapiga kura hawakutaka kusikia habari ya vita nyingine. Mdororo wa uchumi ulioanza 1929 ulikuwa umekausha hazina za serikali. Waingereza wengi waliamini pia kwamba Mkataba wa Versailles wa 1919, uliofunga vita hiyo, uliionea Ujerumani. Kwa hali hiyo, kukaa mezani na kuzungumza kulionekana ndiyo busara. Kosa kubwa naliona kwingine: amani ile ilinunuliwa kwa mali ya watu wengine, na wenye mali hawakuulizwa.

Ethiopia ndiyo iliyotangulia kulipa. Tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi ya Mussolini yaliivamia, ingawa nchi zote mbili zilikuwa wanachama wa Shirikisho la Mataifa, chombo kilichoundwa baada ya vita ya kwanza ili kulinda amani. Shirikisho liliiwekea Italia vikwazo vya biashara, lakini mafuta yakaachwa nje ya orodha, na bila mafuta magari na ndege za vita zisingekwenda mbali. Mfereji wa Suez nao haukufungwa. Meli za Italia zilipita pale zikiwa zimesheheni askari na silaha, zikalipa ushuru kama meli nyingine yoyote, zikaendelea hadi bandari za Massawa na Mogadishu, katika makoloni ya Italia yaliyopakana na Ethiopia. Desemba mwaka huohuo waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, Samuel Hoare, na Pierre Laval wa Ufaransa walikubaliana kwa siri kumpa Mussolini sehemu kubwa ya Ethiopia. Magazeti yalipofichua siri hiyo, wananchi wa Uingereza walikasirika na Hoare akajiuzulu, lakini Ethiopia haikupata msaada. Watu wake walimwagiwa gesi ya sumu kutoka angani. Addis Ababa ikatekwa tarehe 5 Mei 1936.

Mwezi uliofuata Mfalme Haile Selassie alisimama Geneva mbele ya Shirikisho. Waandishi wa habari wa Italia wakampigia miluzi ili asisikike, wakatolewa ukumbini, naye akaendelea kuzungumza kwa Kiamhari. Aliwaonya wajumbe kwamba jambo lile halikuwa la Ethiopia peke yake, kwamba usalama wa kila nchi ndogo ulikuwa hatarini. Siku chache baadaye vikwazo vikaondolewa.

Hitler alikuwa akitazama. Machi 1936, vita ya Ethiopia ikiwa bado inaendelea, aliingiza askari katika eneo la mto Rhine ambako Mkataba wa Versailles ulimkataza, na Ufaransa haikumgusa. Machi 1938 akaimeza Austria. Mwezi huohuo, kabla ya Austria kuanguka, balozi wa Uingereza mjini Berlin, Nevile Henderson, alimpelekea pendekezo la Ujerumani kupewa nafasi katika utawala wa makoloni ya Afrika ya kati. Hakuna Mwafrika aliyeshirikishwa. Hitler hakuvutiwa, macho yake yalikuwa Ulaya mashariki.

Kilele kilikuwa Munich, Ujerumani, usiku wa 29 Septemba 1938. Chamberlain, Waziri Mkuu Daladier wa Ufaransa, Mussolini na Hitler walikubaliana kwamba Sudetenland, eneo la Chekoslovakia lenye Wajerumani wapatao milioni 3, liende Ujerumani. Wajumbe wa Chekoslovakia walikuwa mji huohuo, lakini waliwekwa hotelini mpaka mambo yalipokwisha, ndipo wakaitwa kupewa ramani. Pamoja na ardhi hiyo zilikwenda ngome nyingi za mpakani. Nchi ikabaki wazi, na tarehe 15 Machi 1939 Wajerumani wakaingia Prague, mji mkuu wake, bila kupigana. Viwanda vya silaha vya Škoda vikawa vyao, na vifaru vya Kicheki vikatumika kuivamia Ufaransa mwaka uliofuata.

Hapo ndipo siasa hii inapokuwa hatari zaidi: inampa mchokozi nguvu ya kuja kudai tena. Inawanyamazisha pia wanaompinga nyumbani kwake. Jenerali Ludwig Beck, mnadhimu mkuu wa jeshi la Ujerumani, alijiuzulu Agosti 1938 akiamini Hitler anaipeleka nchi kwenye maangamizi. Baada ya Munich, Hitler alionekana shujaa aliyeshinda bila risasi, na hoja za watu kama Beck zikakosa wasikilizaji. Dikteta hana bunge la kumhoji wala gazeti la kumkosoa, na utawala wake hula ushindi. Akipata kimoja kwa urahisi hutafuta kingine.

London ilipobadilika na kuahidi kuilinda Poland, Hitler hakuamini. Agosti 23, 1939 akafanya mkataba wa kutoshambuliana na Stalin, mtawala wa Muungano wa Kisovieti, na Septemba 1 akavamia. Safari hii Uingereza na Ufaransa zilitangaza vita, na makoloni yao yakaburutwa humo. Vijana wa Tanganyika, Kenya na Uganda waliovaa sare za KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Uingereza Afrika Mashariki, walipigana Ethiopia na baadaye Burma.

Lakini si kila mazungumzo na mtawala mbaya ni kumridhisha mchokozi, wala si kila mpinzani ni Mussolini mwingine. Anthony Eden, aliyejiuzulu uwaziri wa mambo ya nje Februari 1938 kwa kutokubaliana na Chamberlain kuhusu Italia, alikuwa Waziri Mkuu wakati Rais wa Misri, Gamal Abdel Nasser, alipotaifisha Mfereji wa Suez 1956. Akamfananisha Nasser na Mussolini, akashirikiana na Ufaransa na Israeli kuishambulia Misri. Nasser alikuwa amechukua mfereji uliomo ndani ya nchi yake mwenyewe. Marekani ilipinga, majeshi yakaondoka, na Januari 1957 Eden akaachia madaraka.