Kaunta ya kiolesura cha mtandao: maana yake na inavyopotosha grafu

Kila kiolesura cha mtandao kwenye seva, kiwe kadi ya waya au modemu ya 4G, kina kaunta: namba inayojumlisha baiti zote zilizopita tangu kiolesura kianze kazi. Kaunta haisemi kasi. Ili kupata kasi, soma mara mbili, toa namba ya kwanza kwenye ya pili, gawa kwa sekunde zilizopita, kisha zidisha kwa 8 baiti ziwe biti. Kwenye Linux, namba ya baiti zinazoingia iko /sys/class/net/eno1/statistics/rx_bytes (eno1 ni jina la kadi ya waya). Kwa SNMP, itifaki ya kusoma hali ya vifaa vya mtandao kutoka mbali, ni ifInOctets.

Hapo kwenye ifInOctets ndipo grafu nyingi zinapoharibika. Kaunta hiyo ni ya biti 32. Ikifika 4,294,967,295 inaanza upya. Laini ya gigabiti 1 kwa sekunde ikijaa, kaunta humaliza mzunguko kwa sekunde 34 hivi. Anayesoma kila baada ya dakika 5 amepitwa na mizunguko minane na hana njia ya kujua, kwa hiyo grafu yake hulala chini siku ile ile laini imeelemewa. Tumia ifHCInOctets, ya biti 64. SNMP toleo la 1 haiisomi. Weka v2c, au afadhali v3 kwa usalama.

Umeme ukikatika Arusha na betri ya UPS ikaisha, seva itawaka na kaunta sifuri. Programu ikidhani ni mzunguko, huchora mnara wa kasi ambayo kadi yenyewe haiwezi kuifikia. Isome pia /proc/uptime, muda tangu seva iwake: muda huo ukiwa umepungua, somo hilo litupwe.

Chukua ofisi ya utalii Njiro yenye mkongo na modemu ya 4G ya akiba. Modemu ikichomolewa na kurudishwa, hupewa ifIndex mpya (namba ya kiolesura kwenye SNMP), na mfumo uliofungwa kwenye namba ya zamani unabaki kuuliza kitu kisichokuwepo. Fuatilia kwa ifName (jina la kiolesura) au anwani ya MAC (utambulisho wa kadi yenyewe).

Jambo zito kuliko yote ni hali ya UP, inayodai kiolesura kiko hewani. Mkongo ukikatwa na greda Usa River, faili la carrier kwenye seva ya Njiro, linaloonyesha kama kadi imeunganishwa, bado litasoma 1 (ndiyo), maana kadi inaona swichi ya chumba hicho hicho tu. Piga ping, amri inayotuma pakiti (vipande vidogo vya data) na kungoja jibu, hadi geti la mtoa huduma na hadi anwani iliyo nje, ukitaja kiolesura: ping -I eno1 -c 5, kisha anwani. Bila -I, pakiti zinaweza kupita kwenye 4G na ukaambiwa mkongo ni mzima. Kengele ilie majaribio matatu mfululizo yakishindwa; pakiti moja kupotea ni kawaida.

rx_crc_errors, kaunta ya data iliyofika ikiwa imeharibika, ikipanda kila siku, anza kwa kubadilisha kebo.