Wembe wa Kukunja: Maswali ya Kigoma kuhusu Damu, Kutu na Vipele vya Ndevu

Tangu saluni za Mwanga na Ujiji zishike mtindo wa kuweka laini za ndevu kwa wembe wa mkono, maswali hayakauki. Wapo wanaotaka kununua wa kwao, na wapo wanaouogopa wa kinyozi. Swali la damu nimelipa nafasi kubwa kuliko mengine, maana ndilo lenye hatari, na ndilo watu wanalolipuuza.

Nikienda sokoni naonyeshwa vitu viwili vinavyofanana, vyote vinaitwa wembe wa kukunja. Kipi ni kipi?

Cha kwanza ni bamba zima la chuma linalonolewa, likikunjwa linalala ndani ya mpini. Ndio wembe wa asili. Cha pili kina umbo lilelile, ila hakina makali yake chenyewe: ni mshikio tu. Unauvunja wembe wa kawaida katikati, nusu yake unaichomeka kwenye mdomo wa mshikio, ukimaliza unaitoa.

Ukivitazama kwa mbali ni ndugu. Kwa afya ni mbali kabisa. Wa pili unabadilishiwa makali kwa kila mtu. Wa kwanza makali ni yaleyale leo, kesho na mwakani. Kwa hiyo msimamo wangu hauyumbi: wembe wa kunolewa ni wa mtu mmoja, nyumbani kwake, kama mswaki. Baba na mwana hawachangii. Saluni itumie wa kubadilisha.

Mimi ni kinyozi hapa Mwanga. Kila mteja akikaa namwagia wembe spiriti na kuuwasha moto mbele yake. Wateja wanapenda. Si unakuwa salama?

Wateja wanapenda kwa sababu moto unaonekana, kaka yangu. Lakini kinachoungua pale ni spiriti yenyewe. Mwali unapita kwa sekunde chache, chuma hakipati joto la kutosha kwa muda wa kutosha, na pale makali yanapobanwa na mshikio joto halifiki kabisa. Ukisema basi uushikilie motoni mpaka ubadilike rangi, hapo utakuwa umeuondolea chuma ugumu wake. Hautashika makali tena. Kufuta kwa pamba yenye spiriti nako hakutoshi, hasa kama kuna povu na ngozi zilizoganda. Uchafu unavikinga vijidudu.

Unachopambana nacho zaidi ni homa ya ini aina ya B. Kirusi chake kinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, kwenye tone la damu lililokauka ambalo jicho halilioni. Kirusi cha homa ya ini aina ya C nacho ni kigumu kufa. VVU ni dhaifu zaidi, huharibika damu inapokauka, lakini kati ya mteja na mteja kwenye foleni ya Jumamosi jioni damu haipati hata nafasi ya kukauka. Na mwenye homa ya ini mara nyingi hajijui. Anakuja mzima, anacheka, analipa, anaondoka.

Dawa ya haya ni wembe mpya kwa kila mtu, ufunguliwe akiwa anaona. Vunja ukiwa bado ndani ya karatasi yake, chomeka nusu moja, nusu nyingine ibaki kwenye karatasi bila kuguswa kwa ajili ya mteja anayefuata. Wembe mmoja unahudumia watu wawili. Ndiyo maana kisingizio cha gharama huwa sikielewi.

Sasa njoo kwenye mshikio, maana hapa ndipo hata vinyozi waangalifu wanapopitiwa. Ukichomoa nusu wembe, chungulia ule mwanya ulioibana. Utaona utando mweupe wa povu, vinyweleo, na wakati mwingine doa la kahawia. Ile kahawia huenda ni kutu, huenda ni damu ya mtu wa asubuhi. Wembe mpya ukiingia humo unatoka umeshapakwa. Fungua mshikio, sugua mwanya kwa mswaki wa zamani, sabuni na maji, suuza. Kisha loweka kwenye maji ya jiki kwa dakika 10. Kama chupa inaonyesha asilimia 3.5, changanya kipimo 1 cha jiki na vipimo 6 vya maji. Utapata klorini ya asilimia 0.5, kiwango kinachotumika hospitalini kutakasa vifaa vyenye damu. Usianze na jiki kabla ya sabuni. Usiichanganye na spiriti wala siki. Changanya upya kila siku, maana nguvu hupungua. Baada ya dakika hizo suuza na ukaushe, kwani jiki inakula chuma. Ukiwa na mishikio mitatu, mmoja kazini, mmoja kwenye jiki, mmoja unakauka, foleni haitasimama.

Wewe mwenyewe unashika damu za watu kila siku. Kapime homa ya ini B, na kama huna ugonjwa, uliza chanjo: dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu ikifika miezi sita tangu ya kwanza.

Na lile jiwe la shabu wanalotupaka tukikatwa?

Shabu inakausha damu kweli, ila ile moja inayozunguka mashavu ya mtaa mzima ni tatizo. Inaloweshwa, inasuguliwa kwenye kidonda, inarudishwa mezani. Hakuna anayeichoma moto wala kuitia jiki. Kinyozi aponde kipande kidogo kwa kila mteja, au atumie pamba safi na kukandamiza. Taulo moja kwa wateja kumi nalo lina habari zake, na brashi ya povu vilevile.

Naona haya kumwambia kinyozi abadilishe wembe. Ni mtu mzima, na ni jirani.

Nenda na wako mfukoni. Mkabidhi kabla hujakaa: "Shikamoo mzee, leo naomba tutumie huu." Basi. Hujamtuhumu, umekuja na kifaa. Wengi hawakasiriki, na wengine wanafurahi kuokoa wembe wao. La mwanya wa mshikio ni gumu zaidi kulisema, lakini macho yako yanaweza kuuliza: utazame mshikio kabla haujachomekwa kitu.

Shikamoo ni yako, mwanangu. Wembe wangu wa kunoa niliachiwa na marehemu kaka. Naupaka mawese usishike kutu, lakini unanata na madoa yanatokea. Niko Ujiji.

Shikamoo mzee wangu, na pole kwa kaka. Mawese tuyaache kwenye maharage. Mafuta mengi ya kula yakikaa na hewa yanaganda na kunata, yanakusanya vumbi, na yana asidi kidogo ambayo chuma hakiipendi. Tafuta mafuta ya cherehani, yale mepesi. Tone moja kwenye kitambaa laini, pitisha pande zote mbili na kwenye bawaba ya mpini. Siku ya kunyoa, oshea sabuni kwanza yatoke.

Adui mkubwa ni maji yanayobaki. Sisi wa kando ya ziwa hewa yetu ina unyevu, na masika vitu vinaota ukungu hata kabatini. Wembe wa zamani mara nyingi ni wa chuma cha kaboni, na hicho doa linaweza kuanza usiku mmoja. Ukimaliza kunyoa suuza, futa kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali, kamwe usifute kwa kukimbiza kidole juu ya makali, kisha uache wazi mpaka ukauke kabisa ndipo uukunje. Usiuhifadhi bafuni. Usiutie kwenye mfuko wa ngozi wenye unyevu.

Sasa hayo madoa. Yakiwa mgongoni au ubavuni, yasugue taratibu kwa kitambaa na mafuta, hayana neno. Yakifika kwenye makali yanachimba vishimo vidogo, na wembe wenye vishimo hauparuzi tu, unachana ngozi na kuficha uchafu. Huo unahitaji mtu anayejua kunoa, au upumzishwe. Watu husema kutu ndiyo inayoleta pepopunda. Pepopunda inaletwa na bakteria wa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama; chuma kinachong'aa kikiangukia uani kinaweza kuwabeba vilevile.

Lingine, mzee: wembe huu ulikuwa wa mtu mwingine. Kabla hujautumia tena uoshe, kisha uloweke bamba peke yake kwenye spiriti ya hospitali ya asilimia 70, mpini ukiwa nje, uukaushe. Spiriti haiui kila kitu, ila kwa wembe ambao kuanzia sasa ni wako peke yako, inatosha. Usiuchemshe, mpini wa pembe au mti utapasuka.

Kunoa je? Kinoo cha panga kinafaa?

La hasha. Kinoo cha panga ni cha chembe nene, kitayatia makali meno kama msumeno na uso wako ndio utakaolipa. Wembe unahitaji mawe laini: la namba 1,000 kama makali yamekufa kabisa, kisha 4,000 hadi 8,000, na wengine humalizia na 12,000. Hilo si la kila wiki. La kila mara ni mkanda wa ngozi: laza wembe bapa, mgongo utangulie na makali yafuate nyuma, ukifika mwisho ugeuze kwa kuuviringisha juu ya mgongo, urudi. Mara 20 au 30. Ukitanguliza makali utaukata mkanda na kuyapinda makali kwa pigo moja.

Kwa nini hili liko kwenye maswali ya afya? Kwa sababu wembe butu ndio unaokata watu. Mtu anaona hauchukui, anakandamiza.

Nataka kununua wa kwangu wa kwanza. Niangalie nini?

Upana hupimwa kwa sehemu ya nane ya inchi. 5/8 au 6/8 ndio rahisi kwa anayeanza. Chagua wenye ncha ya duara, si ile ya pembe kali, maana pembe ndiyo inayotoboa chini ya pua na nyuma ya sikio. Chuma cha pua (stainless) kinafaa zaidi kwa unyevu wetu, ingawa nacho kikipuuzwa kinashika kutu. Sifa ya Solingen, Ujerumani, na Sheffield, Uingereza, ni ya miaka mingi, na jina lililochongwa kwenye chuma si ushahidi. Feki nazo zinachongwa. Uweke bapa mezani: mgongo na makali viguse meza kwa urefu wote. Ukiona upande mmoja unanyanyuka, umepinda. Mwenye kisukari, mwenye mikono inayotetemeka na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, nawashauri wabaki na mashine.

Nikinyoa napata vipele shingoni, vingine vina usaha. Wembe huu utanisaidia?

Inategemea unavyoutumia. Nywele zetu zimejisokota. Ukizikata chini sana, ncha inakua ikiwa imeelekea ndani na kuchoma ngozi. Nyembe za mabamba matatu au manne huvuta unywele na kuukata chini ya ngozi, hivyo bamba moja ni afadhali. Lakini bamba moja likisukumwa kinyume cha nywele, mara mbili mara tatu, linafanya yaleyale. Lainisha kwa maji ya moto na povu, fuata mwelekeo wa nywele, pembe ya wembe na ngozi isizidi kama nyuzi 30, pita mara moja. Ukibaki ukwaru kidogo, uvumilie.

Vikishatoka, acha wembe kabisa kwa wiki nne hivi, punguza kwa mashine ikiacha kama milimita 1. Usitumbue kwa pini. Vikiwa na usaha mwingi, au makovu ya kisogoni yanavimba na kuwa magumu, nenda hospitali mapema.

Kinyozi amenikata na nimegundua wembe ulikuwa wa mteja aliyepita. Nifanye nini?

Osha palepale kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue kidonda, usipake majivu, ugoro wala mafuta ya taa. Kandamiza kwa kitambaa safi dakika 5 hadi 10. Kisha siku hiyohiyo nenda kituo cha afya au Hospitali ya Maweni, ueleze ilivyotokea. Mhudumu atapima hatari na kuamua kama unahitaji dawa za kuzuia VVU. Hizo huanzwa ndani ya saa 72, mapema zaidi ni bora, na humezwa siku 28. Uliza pia kuhusu homa ya ini B na pepopunda. Usisubiri kuona kama utaumwa.

Mjukuu wangu ananyolewa nywele za akika wiki hii. Babu yake anataka kutumia wembe wake wa kukunja.

Hongera, dada. Babu amshike mtoto na kuomba dua, wembe uwe mpya kutoka kwenye karatasi. Ngozi ya kichanga ni laini, na ule utosi unaopigapiga haukandamizwi. Lowesha kichwa kwa maji vuguvugu, nyoa mtoto akiwa amelala au amenyonya akashiba. Hata kwenye kuondoa tanga, familia zinazonyoa vichwa zisipitishe wembe mmoja kwa wafiwa wote. Na anayechanja chale hivyohivyo.

Nyembe zilizotumika nazitupa wapi?

Kwenye kopo gumu lenye mfuniko, ulitoboe mwanya juu wa kupitishia. Usizitupe jaani, watoto na waokota plastiki wanazikuta kwa mikono na miguu mitupu. Likijaa, lizibe kwa utepe na uulize zahanati iliyo jirani kama inapokea kwa ajili ya tanuri lake la kuchomea taka.