Sili, GPS na bima kubwa: tunavyojidanganya kuhusu mizigo ya malori

Shaba ikitoka mpaka wa Tunduma kuja Bandari ya Dar es Salaam hutembea zaidi ya kilomita 900. Mei 2024 bei yake katika soko la London ilipita dola 10,000 kwa tani, maana yake semi yenye tani 28 ilibeba mali ya dola 280,000 na zaidi. Usiku mali hiyo inalindwa na dereva aliyechoka na utingo wake. Hapo ndipo watu hujipa moyo kwa maneno haya.

"Gari lina GPS, haliwezi kupotea."

Mawimbi ya setilaiti ambayo GPS huyategemea yanafika ardhini yakiwa dhaifu sana. Kidude kinachochomekwa kwenye soketi ya kiberiti kinatosha kuyavuruga. Na wapo wanaokwenda mbali zaidi, wanakuonyesha mahali pa uongo. Novemba 2024 huko Marekani, malori mawili ya tekila ya Santo, ya mpishi wa televisheni Guy Fieri na mwanamuziki Sammy Hagar, yalipakia Laredo, Texas, kuelekea Pennsylvania. Zilikuwa chupa zaidi ya 24,000, za thamani ya zaidi ya dola milioni 1. Wezi walijifanya wasafirishaji, GPS ikadanganya, visingizio vya ubovu wa gari vikafuata, kumbe mzigo umeelekezwa Los Angeles. Hakuna aliyetishiwa bunduki. Mzigo walikabidhiwa.

Hilo ndilo linalonitia wasiwasi kwa Dar, kuliko majambazi wenye bastola tunaowawaza. Mizigo mingi hapa hupata gari kwa dalali au kundi la WhatsApp: mtu anatuma picha ya kadi ya gari na leseni, anaambiwa njoo upakie. Picha kila mtu anayo! Piga simu kwa mwenye kampuni kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si ile aliyokupa dalali. Getini linganisha namba ya kichwa, namba ya trela na sura ya dereva kabla forklifti haijagusa kitu. Akiwa deiwaka aliyekabidhiwa gari asubuhi hiyo, asubiri nje mpaka tajiri wake athibitishe.

"Sili haijakatwa, mzigo umetimia."

Sili ni ile pini ya chuma yenye namba inayofunga mlango wa kontena. Mwizi anayejua kazi haigusi. Anatoboa riveti inayoshika mkono wa mlango, mkono unachomoka na sili yake nzima, mlango unafunguka. Akimaliza anaweka bolti mpya na kuipaka rangi. Kwa hiyo usisome namba ya sili tu ukaondoka. Angalia riveti moja moja: kichwa kisichofanana na wenzake, rangi inayong'aa mahali ambapo kontena lote limefifia na kujaa vumbi. Pitisha kidole, rangi mbichi inanata. Kagua na bawaba. Kisha ishike sili, ivute na kuizungusha. Namba ya kwenye pini na ya kwenye kichwa cha sili zifanane. Piga picha ikionekana pamoja na namba ya gari, pale inapofungwa na kila gari linaposimama.

"TRA wamefunga kifaa chao, niko salama."

Lakiri ya kielektroniki ya TRA imewekwa ili mzigo wa nje ya nchi usimwagwe sokoni bila kodi. Inasaidia, ndiyo, lakini kulinda mali yako ni kazi yako.

"Hatari iko porini."

Kila mtu anaiogopa Kitonga, ule mlima wa Iringa. Mimi naogopa zaidi gari lililopakia Kurasini Ijumaa jioni, makaratasi hayajakamilika, likalala kando ya Barabara ya Mandela hadi Jumatatu. Lori lililosimama linampa mtu muda wa kutoboa riveti. Pakia makaratasi yakiwa mkononi na tangi likiwa limejaa, ili dereva asiwe na sababu ya kusimama Kibaha "kuaga nyumbani". Na mpe posho yake mapema; dereva asiye na hela ya kulala kwenye yadi yenye mlinzi atalala popote.

"Gari lina bima kubwa."

Bima kubwa inalipa gari. Mzigo unahitaji bima yake ya safarini, na hiyo nayo ina masharti: mara nyingi gari likiachwa bila mtu, hulipwi. Muulize wakala wako wa bima, kwa maandishi, ni wapi dereva anaruhusiwa kulala.