Fidia ya utegemezi: lori linapoua, mahakama huhesabu nini?

Anayeishi kandokando ya barabara ya Malindi hadi Mokowe anayajua malori yake: ya chumvi kutoka Gongoni na Marereni, ya mchanga na mawe, na siku hizi matrela ya kwenda bandari mpya ya Lamu kule Kililana. Lori likimuua mtu wa bodaboda au aliyekuwa akitembea kando ya njia, mara nyingi cha kwanza kufika nyumbani ni bahasha ya mwenye gari: pesa za sanda, mchele wa matanga, na pole nyingi. Kupokea si vibaya. Ila hiyo ni rambirambi, na wafiwa wengi huidhania kuwa ndiyo fidia.

Fidia ya utegemezi ni pesa ambazo mahakama humwamuru mwenye kosa awalipe waliokuwa wakila kwa jasho la marehemu. Haipimi thamani ya roho. Hakuna hakimu anayejaribu hilo. Inapima unga, karo, kodi ya nyumba na dawa za mama mzee, vitu ambavyo vingeendelea kuja kama mtu huyo angekuwa hai. Msingi wake nchini Kenya ni Sheria ya Ajali za Vifo, Sura ya 32. Wanaoweza kudai ni mke au wake, mume, watoto na wazazi. Wajukuu na babu na nyanya nao wamo. Ndugu wa tumbo moja hayumo, hata kama alikuwa akilishwa na kusomeshwa na marehemu. Kifungu hicho huwauma wengi wa kwetu, maana nyumba nyingi za Pwani zinamtegemea kaka mkubwa.

Hesabu yenyewe ina vipande vitatu. Tuchukue mvuvi wa Malindi mwenye umri wa miaka 35, ana mke na watoto, na anabaki na shilingi 20,000 kwa mwezi baada ya kutoa gharama za uvuvi. Kwa mwaka ni 240,000. Kisha hakimu hujiuliza: angefanya kazi miaka mingapi zaidi? Tuseme angevua mpaka miaka 60, yaani 25 mbele. Lakini binadamu huugua, bahari huchafuka, na pesa za mkupuo mmoja zinaweza kuwekwa zikazaa, kwa hiyo hakimu huipunguza idadi hiyo. Tuseme aiweke 20. Mwisho huja sehemu aliyokuwa akiitumia kwa watu wake. Kwa mwenye mke na watoto, mahakama zimezoea kutumia theluthi mbili. Kwa kijana asiyeoa anayewasaidia wazazi, mara nyingi theluthi moja. Basi 240,000 mara 20 ni 4,800,000, na theluthi mbili yake ni shilingi 3,200,000. Ifananishe na bahasha ile ya matangani.

Mvutano mkubwa huwa kwenye zile 20,000. Wakili wa bima ya lori atasimama aulize: hati ya mshahara iko wapi? Mvuvi hana, muuza viazi karai hana, wala fundi wa majahazi wa Matondoni hana. Bahati nzuri, Mahakama ya Rufaa ilikwisha sema mwaka 2005 kwamba karatasi si njia pekee ya kuthibitisha kipato, kwani Wakenya wengi hujitafutia riziki bila kuweka kumbukumbu yoyote. Hata hivyo, mimi nisingeitegemea huruma hiyo peke yake. Kama kikundi cha usimamizi wa ufuo, BMU, kina daftari la samaki waliopimwa bandarini, nakala ya kurasa zake ni ushahidi. Taarifa ya M-Pesa ni ushahidi. Tajiri aliyekuwa akinunua samaki wake kila siku aje aseme mwenyewe. Kisipothibitika kitu, hakimu huangalia kima cha chini cha mshahara wa kibarua kilichowekwa na serikali, au huachana na hesabu na kutoa kiasi cha jumla anachoona kinafaa. Ndivyo inavyokuwa pia kwa watoto wadogo waliofariki kabla ya kuanza kazi.

Kabla ya hesabu kuna suala la kosa. Dereva akishatiwa hatiani katika kesi ya trafiki, na rufaa ikawa haipo au imeshindwa, hukumu hiyo ni ushahidi usiopingika kwamba alitenda kosa lile. Lakini kesi ya trafiki ni ya serikali na dereva. Faini yake haiingii nyumbani kwa mjane. Tena upande wa lori unaweza bado kudai kwamba marehemu alichangia, labda pikipiki haikuwa na taa, au alikuwa akiovateki penye kona. Akionekana amechangia asilimia 30, ile 3,200,000 inashuka hadi 2,240,000.

Nani alipe? Dereva mara nyingi hana kitu, na sheria inalijua hilo: aliyemtuma kazini ndiye anayebeba kosa lake. Jina lililosajiliwa kwenye gari ndilo linalochukuliwa kuwa la mwenye gari mpaka athibitishe vingine, ndiyo sababu mawakili huanza kwa kuomba nakala ya rekodi kutoka NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Kwa trela, nambari ni mbili. Kichwa kina yake na trela lina yake inayoanza na herufi Z, na huenda kila kimoja kina mwenyewe. Aliye eneo la ajali na simu mkononi apige picha zote mbili kabla lori halijavutwa. Mengine yataonekana kwenye abstrakti ya polisi, yaani muhtasari wa ajali ulioandikwa kituoni: nambari za gari, jina la dereva, kampuni ya bima na nambari ya bima. Isomeni pale pale kituoni, kwani tarakimu moja ikikosewa hugeuka miezi ya kuhangaika.

Bima ya mtu wa tatu ni lazima kwa kila gari barabarani, chini ya Sura ya 405 ya sheria za Kenya, lakini kampuni ya bima hailazimiki kulipa zaidi ya shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Kwa mvuvi wetu, kama hakuchangia kosa, 200,000 zinazobaki zinadaiwa kwa mwenye lori mwenyewe. Na kampuni hiyo lazima iarifiwe kwa maandishi kuhusu kesi ndani ya muda uliowekwa na sheria, la sivyo ina mlango wa kutokea.

Utingo na wapakizi wana njia yao. Fidia ya aliyeumia au kufa akiwa kazini hudaiwa kwanza kupitia Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, kwa mkurugenzi wa usalama kazini, na kifo kina malipo ya mshahara wa miezi 96. Aliyejeruhiwa tu, awe wa kazini au wa njiani, na atunze kila risiti ya hospitali: gharama za matibabu hazikubaliwi kwa maneno.

Kwa Waislamu, na Lamu na Malindi tuko wengi, huja swali la Kadhi. Katiba imempa Kadhi ndoa, talaka na mirathi. Kesi ya lori haimo, wala mahakama zinazoisikiliza hazihesabu diya, ile fidia ya damu ya Kiislamu. Lakini kuna pesa nyingine ndogo zinazodaiwa pamoja na utegemezi, chini ya Sura ya 26 ya sheria za Kenya: za maumivu kabla ya kifo na za kukatizwa maisha. Hizo ni mali ya marehemu, hivyo zinafuata mirathi, na yule kaka aliyekosa kwenye utegemezi huenda akapata humo. Kufungua kesi kunahitaji idhini ya mahakama ya kumsimamia marehemu, na ipo ya haraka inayotolewa kwa ajili ya kesi tu.

Jihadharini na dalali wa ajali anayefika hospitalini kabla ya jamaa, na pia karatasi ya bima isemayo «nimelipwa na sina dai jingine». Ukitia sahihi umefunga. Makubaliano ya wakili kulipwa akishinda tu, vilevile, ni batili kisheria. Muda wa kushtaki ni miaka mitatu. Lori likiwa la serikali ni miezi 12.

Hukumu ikitoka, hakimu hugawa kwa majina. Fungu la mtoto kwa kawaida huwekwa mpaka afikishe miaka 18, na mama akihitaji karo hurudi mahakamani kuomba sehemu yake itolewe.