Kambi ya pikipiki Usambara wakati wa vuli: anza na njia ya kushukia

Kila Septemba ikikaribia kwisha, maswali ninayoulizwa ni yale yale: ninunue hema gani, koti gani la mvua, tairi gani. Si maswali mabaya, ila yametangulia mno. Kazi yangu ni kuongoza watu wanaopanda Usambara Magharibi kwa pikipiki na kulala nje, na safari ya vuli naipanga kuanzia mwisho. Kila mahali ninapofikiria kulala najiuliza: mvua ikinyesha usiku kucha, asubuhi nitashukaje? Kambi isiyo na jibu naifuta, hata iwe na mandhari gani.

Vuli ndiyo inayonilazimisha. Huku kaskazini mashariki mwa Tanzania mvua hizi huja kati ya Oktoba na Desemba, na zinabadilika mwaka hadi mwaka kuliko masika. Magharibi mwa Bahari ya Hindi, yaani upande wetu, pakiwa na joto kuliko upande wa Indonesia, tena El Niño ikaongezeka juu yake, tunapata vuli ya mafuriko kama ya 1997 na ya 2023. Mambo yakigeuka, msimu unaweza kupita kwa manyunyu. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa mwelekeo wa vuli kabla msimu haujaanza. Usome, ila ujue unachokuambia: msimu mzima unaelekea juu au chini ya wastani. Haukuambii lolote kuhusu Jumamosi yako. Utabiri wa siku kwa siku naanza kuutilia maanani zikibaki siku mbili tatu, na hata hapo simu itakuandikia "Lushoto" kana kwamba wilaya nzima iko kwenye kimo kimoja. Mombo iko kwenye mita mia nne na kitu kutoka usawa wa bahari, Lushoto mjini ni karibu 1,400, na Shume ni juu zaidi. Kila ukipanda mita 1,000, joto linapungua kama nyuzi 6. Unaweza kuondoka Mombo fulana imelowa jasho, na ukifika Magamba, juu ya Lushoto, meno yanagongana.

Jambo moja hata hivyo lina utaratibu. Siku nyingi za vuli milimani huanza na ukungu au jua, mawingu yakajikusanya kuanzia saa sita mchana, na mvua ikashuka alasiri. Kwa hiyo barabara ya udongo naiendesha asubuhi, na saa tisa hema liwe limesimama. Anayetaka kuondoka mjini saa saba baada ya kula wali vizuri, namwambia tulale mjini.

Kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto ni lami. Wasiwasi unaanza ukishapita Magamba kuelekea Lukozi na Mtae, kwenye vipande vya udongo mwekundu. Udongo ule ukiwa mkavu ni vumbi tu. Ukilowa kidogo unateleza, na ukilowa sana unanata: unajazana kati ya tairi na madigadi ya mbele, unashindiliwa tabaka juu ya tabaka, mpaka gurudumu linagoma kuzunguka na pikipiki inalala ikiwa bado kwenye gia. Kijiti cha kuchokolea tope kiwe mkononi, si chini ya mzigo. Kwenye pikipiki ndogo kama Boxer au TVS, madigadi ya mbele iliyokaa karibu sana na tairi naifungua kabisa kabla ya kupanda. Heri matope usoni. Punguza upepo wa tairi kidogo, kaa gia ya pili, breki ya mbele isahau, na usilazimishe kupita katikati ambako malori yameshachimba mifereji.

Mtu wa kumuuliza kuhusu barabara ni bodaboda aliyetoka kule asubuhi hiyo. Usimuulize kama njia ni nzuri, maana kwake yeye ni nzuri kila siku. Muulize amebeba nini. Akiwa ameshuka na abiria wawili na gunia la viazi, nenda. Akiwa ameshuka peke yake huku suruali ina tope hadi kiunoni, badilisha mpango.

Ramani itakuonyesha pia njia ya kushuka upande wa pili, kutoka Mlalo kwenda Mng'aro, ili uzungukie tambarare. Kiangazi ni safari tamu. Wakati wa vuli siiweki kwenye mpango, kwa sababu huko chini kuna makorongo, na korongo hujaa kwa mvua iliyonyesha mlimani wakati wewe uko juani. Ukikuta maji yanapita juu ya drifti, yaani kivuko cha zege kwenye korongo, shuka uyavuke kwanza kwa miguu ukiwa na fimbo. Yakifika magotini, subiri. Mara nyingi hupungua ndani ya saa chache.

Mafuta jaza Lushoto. Huko juu yanauzwa kwenye chupa, na wakati wa mvua chupa hizo huingiwa na maji. Inyanyue kwenye mwanga, iache itulie dakika moja, tazama kitako: maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo utaona mstari na tone linalocheza chini yake. Ukiwa umeshatia na pikipiki inakohoa, legeza skrubu ya chini ya kabureta umwage kidogo. Bisibisi moja inatosha.

Pa kulala, anza kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji. Ni adabu, na pia ndio wanaojua maji hupita wapi. Ndani ya hifadhi ya Magamba unahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Usijenge hema chini ya mikaratusi, matawi yake huanguka bila upepo wowote; wala ukingoni mwa genge, radi hupenda hapo; wala chini ya mteremko uliolimwa karibuni. Na angalia siafu. Mvua inapoanza huhama kwa misururu, na msururu ukipita kwenye hema usiku hakuna atakayelala. Chunguza ardhi hatua kadhaa kuzunguka kabla hujatandika kitu, na majivu ukiyapata mwaga kuzunguka hema.

Vifaa? Hema la kawaida lenye turubai la ziada juu yake linanitosha. Fedha yako iweke kwenye mfuko wa kulalia, kwa sababu usiku wa kule hushuka chini ya nyuzi 15 na mwili uliolowa hupoa haraka. Nguo za kulalia zifungwe ndani ya mifuko miwili ya plastiki na zisiguswe mchana, hata ukiwa unatetemeka. Mzigo naufunga kwa vipande vya tyubu kama wanavyofunga bodaboda; vinavutika na havilegei vikilowa, tofauti na manila. Kuna jambo moja sibishani nalo: jiko la mkaa haliingii ndani ya hema, hata limebaki makaa mawili, hata zipu iko wazi. Gesi inayoua haina harufu, na anayeivuta husinzia tu.

Acha siku moja tupu kwenye ratiba, mwishoni. Anayesema lazima awe kazini Jumatatu ndiye atakayeshuka Jumapili jioni kwenye utelezi, kwa hiyo huyo simchukui vuli; nitampeleka Januari. Siku hiyo tupu ni ya kusubiri barabara ikauke. Jua la asubuhi likiwaka vizuri hadi saa nne, kipande kilichokuwa hakipitiki kinapitika.

Wakati wa kushuka, kabla ya kutoka Lushoto, kaza cheni na uitie oili, maana tope litakuwa limeila. Breki za dramu zilizolowa zikaushe kwa kuzigusa taratibu ukiwa bado kwenye tambarare, kabla ya kona za Soni. Mvua ikiwa imenyesha usiku utakuta mawe yameporomokea barabarani, na Fuso za mboga zinazowahi Dar hupanua kona zote. Kaa kushoto, gia ndogo, piga honi.