Sokoine na roketi katika tarehe moja

Aprili inapokaribia hulifungua mapema daftari langu la tarehe, maana tarehe 12 hunitoa jasho kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka. Nimefundisha historia hapa Arusha kwa miaka mingi, na kwa miaka tisa sasa naandaa dakika tano za "Siku kama ya leo" kwa redio moja ya mjini. Miaka mitatu iliyopita nilisoma orodha yangu hewani kama kawaida: 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vyaanza Marekani, 1945, Rais Franklin Roosevelt afariki, 1955, chanjo ya polio yatangazwa kuwa inafanya kazi, 1961, Yuri Gagarin awa binadamu wa kwanza kwenda anga za juu, 1981, chombo cha anga za juu cha Wamarekani, Columbia, charuka kwa mara ya kwanza, 1984, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine afariki kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro.

Kipindi hakijaisha, simu ikaita. Mzee mmoja wa Monduli, nyumbani kwao Sokoine. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza bila kuzunguka: "Mwalimu, Moringe mmemweka na roketi kwa sababu gani? Aliihusu nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia ni siku moja tu, mzee, zimeangukiana. Akasema, "Haya," akakata simu. Swali lake limenifanya nibadili namna ninavyoifanya kazi hii.

Lugha yetu ina neno zuri kwa jambo hili: sadfa. Mambo mawili yanasadifu pale yanapokutana bila kupangwa. Na sadfa ya tarehe ni rahisi kupatikana kuliko watu wanavyodhani. Darasani huwa nawauliza wanafunzi 45 tarehe zao za kuzaliwa, na karibu kila darasa hutokea wawili waliozaliwa siku moja. Wao hushangaa, hesabu haishangai. Watu 23 tu wanatosha kuifanya nafasi ya kuwapata wawili wa siku moja ivuke nusu, na kwa watu 45 nafasi hiyo inapita asilimia 90. Sasa chukua matukio yote makubwa ya dunia, uyagawe kwenye siku 366. Kila siku itajaa. Kwa hiyo tukio la maana kuangukia siku yako ya kuzaliwa si ishara ya kitu chochote.

Lakini ndani ya orodha ile ya tarehe 12 Aprili kuna mambo yanayohusiana kweli, na hapo ndipo orodha kavu inapomdanganya msikilizaji. Tazama 1945 na 1955. Roosevelt alipatwa na ugonjwa wa kupooza mwaka 1921, akiwa mtu mzima mwenye nguvu zake, na madaktari wake wakasema ni polio. Mwaka 1938 alianzisha mfuko wa kupambana na ugonjwa huo, ambao wananchi wa kawaida waliuchangia senti kumi kumi. Fedha hizo ndizo zilizolipia utafiti wa Jonas Salk na majaribio yaliyohusisha watoto wapatao milioni 1.8. Majibu yalipotangazwa Ann Arbor, Michigan, Roosevelt alikuwa ametimiza miaka kumi kaburini siku hiyohiyo. Watu hushikilia ile miaka kumi kamili, lakini kinachoyaunganisha matukio hayo mawili ni zile senti kumi. Hata chanjo ingetangazwa mwezi Agosti, uhusiano ungebaki palepale.

Na 1961 na 1981? Hapa mimi mwenyewe niliteleza. Gagarin aliizunguka dunia mara moja kwa safari ya dakika 108. Miaka 20 baadaye, siku ileile, Wamarekani wanarusha Columbia ikiwa na John Young na Robert Crippen. Nilikuwa nimewaambia wasikilizaji kwamba Wamarekani waliichagua tarehe hiyo ili kuwajibu Wasovieti. Inapendeza masikioni, na si kweli. Columbia ilipangwa kuruka tarehe 10 Aprili. Asubuhi hiyo kompyuta zake hazikuweza kwenda sambamba, safari ikasogezwa siku mbili. Hitilafu ya kompyuta ndiyo iliyoipeleka tarehe 12. Nilirudi hewani wiki iliyofuata nikasahihisha, na tangu siku hiyo najiuliza swali moja kabla ya kuunganisha miaka miwili: nani aliichagua siku hii?

Wakati mwingine jibu lipo wazi kabisa, na mfano wake bora tunao sisi wenyewe. Tarehe 5 Februari 1957 chama cha Afro-Shirazi kilizaliwa Zanzibar. Tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa. Tarehe 5 Februari 1977 TANU na Afro-Shirazi viliungana kuwa Chama Cha Mapinduzi. Ukimwambia mgeni hiyo ni sadfa, umempotosha. Siku ya 1977 iliteuliwa makusudi ili chama kipya kisimame juu ya kumbukumbu ambazo watu walikuwa nazo tayari. Wamexico walifanya vilevile: katiba yao ya 1857 ilitolewa tarehe 5 Februari, na walipoandika nyingine mwaka 1917 wakaitangaza siku ileile, ili mpya ionekane mrithi halali wa ile ya zamani. Na mtu anaponiletea Apollo 14, iliyotua mwezini tarehe 5 Februari 1971, namwambia kwa upole kwamba hiyo iache ilipo. Haimo katika ukoo huu.

Hapa niseme jambo ambalo watoto wa Arusha hulikosea sana, hata waliokwisha kutembelea Makumbusho ya Azimio pale karibu na Mnara wa Mwenge. Tarehe 5 Februari si siku Azimio lilipopitishwa hapa. Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Arusha kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, na hapo ndipo ilipolikubali. Kutangazwa kulifanyika Dar es Salaam wiki moja baadaye. Mji wetu ukatoa jina, Dar es Salaam ikatoa tarehe. Mimi naona tarehe 29 Januari inastahili kukumbukwa hapa mjini kuliko inavyokumbukwa sasa, hakuna anayeitaja.

Sikukuu ya tarehe 9 Desemba nayo ina siku mbili ndani yake. Uhuru ni 1961, Jamhuri ni 1962, na ya pili iliwekwa makusudi juu ya ya kwanza. Majirani zetu Kenya walifuata mtindo huohuo kwa tarehe 12 Desemba, 1963 na 1964. Tanganyika ilipopata uhuru, Luteni Alexander Nyirenda aliusimamisha Mwenge na bendera juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na wazee wa Moshi bado huisimulia siku ile wakiutazama mlima. Bendera ya Dar es Salaam ilipandishwa saa sita usiku, wakati tarehe 8 inakatika. Kwa hesabu ya kizungu siku ilianza dakika ileile. Kwa mzee wa Kiswahili anayehesabu siku kuanzia jua linapozama, ambaye usiku wa Alhamisi anauita usiku wa Ijumaa, siku ya uhuru ilikuwa imekwisha kuingia tangu magharibi.

Ndiyo maana hata maneno "siku moja" yanahitaji uangalifu. Neil Armstrong aliukanyaga mwezi saa nne na dakika 56 usiku wa tarehe 20 Julai 1969 kwa saa za Washington. Kwa saa zetu ilikuwa saa kumi na moja na dakika 56 alfajiri, tarehe 21. Nikiisoma habari hiyo Arusha niiweke siku gani? Huwa naiweka 21 na kueleza sababu, na kila mwaka kuna anayepiga simu kusema nimekosea.

Nirudi kwa mzee wa Monduli. Sokoine alikuwa na miaka 45. Alikuwa akitoka Dodoma bungeni, akirudi Dar es Salaam. Mwaka uliotangulia aliongoza msako dhidi ya wahujumu uchumi, na jina lake lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Siku iliyofuata kifo chake, tarehe 13 Aprili, Mwalimu Nyerere alitimiza miaka 62. Nimeshasikia watu wakiifumia sadfa hiyo hadithi nzito. Mimi sitaifumia hadithi yoyote. Ninachokiona hapo ni mzee aliyeamkia siku yake ya kuzaliwa akiwa amefiwa na msaidizi wake mkuu.

Baada ya ile simu nilikwenda Monduli kumsalimia mzee yule. Tulikaa nje ya nyumba yake, masika yametanda. Katika mazungumzo yote hakutaja tarehe 12 hata mara moja. Alisema "Alhamisi ile". Nilipofika nyumbani nikapiga hesabu: tarehe 12 Aprili 1984 ilikuwa Alhamisi kweli. Akanieleza habari ilivyowafikia kwa redio, na jinsi watu walivyoanza kutembea kuelekea nyumbani kwa marehemu kabla hata hawajajua mwili utaletwa lini.

Tangu mwaka ule, tarehe 12 Aprili naisoma hivi: Roosevelt na chanjo kwa pamoja, kwa sababu wanahusiana. Gagarin peke yake. Columbia na ile hitilafu ya kompyuta. Kisha namwomba fundi mitambo anyamazishe muziki kwa sekunde kumi, namsoma Sokoine, nataja Dakawa, nataja Monduli, nataja kwamba ilikuwa Alhamisi.